Picha ya Kupoteza

Mimi huandika wafu. Usishtuke, ndiyo kazi yangu. Ukifika Nyeri mjini, chini kidogo ya stendi, utaona mlango wa kijani ulioandikwa PROGRAMU ZA MAZISHI, KADI ZA HARUSI, KUPIGA CHAPA. Harusi huja mbili kwa mwezi. Mazishi huja kila siku, na mteja wa mazishi habishani sana juu ya rangi.

Naitwa Kagure. Pale Skuta ninapokaa kila mwanamke ni Mama fulani, kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Mimi ni Kagure wa programu, kwa sababu sina mtoto wa kuniazima jina. Nina miaka hamsini. Niliwahi kuwa na mume kwa miaka minne, akaenda Kenol kufungua duka la vipuri, na huko akafungua na nyumba nyingine. Basi. Sitaki kumwongelea, maana nikianza huwa sinyamazi.

Chumba cha kazi nagawana na fundi wa nguo anayeitwa Wakonyo. Yeye ana nusu ya mlangoni, mimi nina nusu ya ndani, na katikati kuna pazia. Hata mashine yangu ya kuchapa iko upande wake, kwa sababu soketi nzuri iko huko. Wakonyo hushona yunifomu za shule na majoho ya kwaya, na cherehani yake haijui kupumzika. Tena ana redio. Hiyo redio imenila maisha. Miaka kumi na moja sasa, kila siku saa mbili asubuhi mimi nasema, "Wakonyo, punguza hiyo kitu, niko na wafiwa hapa," na yeye ananijibu, "Wafiwa pia wanataka habari." Tumegombana juu ya redio, juu ya dirisha, juu ya nani alimaliza sukari. Jioni tunafunga mlango na kila mtu anashika njia yake. Kwake sijawahi kufika, na kwangu hajawahi kufika.

Sasa, programu ya mazishi kwetu si karatasi tu. Mtu anaweza kuzikwa na jeneza la kawaida na mvua ikanyesha na gari likakwama, lakini programu ikiwa mbaya itasemwa miaka. Mbele kunakuwa na picha kubwa, jina, mwaka wa kuzaliwa na mwaka wa kufariki. Ndani kuna mpangilio wa ibada na maisha ya marehemu. Nyuma kuna picha tatu ndani ya fremu, na chini ya kila moja maneno yake: Marehemu na familia. Marehemu kazini. Marehemu na marafiki. Hizo fremu tatu ziko kwenye kompyuta yangu tayari, tupu, zinangoja mtu yeyote afe.

Mwaka jana mwezi wa Julai, ukungu umeshuka hadi mtu akipita nje unamsikia tu, aliingia mwanamume mmoja akiwa na kitambulisho mkononi. Ndugu yake alikuwa amefariki. Gathogo, bawabu wa ghala moja kule Kiganjo, miaka sitini na miwili.

"Picha iko wapi?" nikamuuliza.

"Ndiyo hii," akaniwekea kile kitambulisho mezani.

"Hiyo ni ya kipande cha serikali, baba. Nitafutie picha."

Akasema hakuna. Wameuliza kazini kwake, wameuliza kanisani, wameuliza majirani. Hakuna mtu aliyewahi kumpiga Gathogo picha.

Nikaikuza ile ya kitambulisho. Unazijua zinavyokuwa: macho yamemtoka, shati limefungwa hadi kooni, mtu anaonekana ameulizwa swali asilolijua. Zile fremu tatu za nyuma nikazifuta, nikajaza wimbo mrefu wa kanisani, beti zote. Tukachapa hamsini. Jumatatu yake yule ndugu akarudi na thelathini zilizobaki, akaniuliza kama naweza kuzichukua, ati karatasi bado ni nzuri. Nilizichukua. Ningefanya nini? Ziko chini ya meza yangu mpaka leo.

Nilipotoka kazini siku hiyo nilikaa kitandani na viatu vyangu miguuni, nikafungua simu. Picha elfu tatu na zaidi. Mimi ndiye mpiga picha wa kila sherehe ya kwetu. "Kagure, hebu tushikie hapa." "Kagure, mguu uonekane." Harusi ya dada yangu, ubatizo wa watoto wake, siku walipomaliza shule, wote wamesimama wanacheka, na mimi niko upande huu wa simu. Nilipata kiwiko changu kimoja. Nilipata kivuli changu kwenye nyasi, kirefu, kimeinua mikono. Niliangalia mpaka ya mwisho. Haki ya Mungu nililia, na mimi si mtu wa kulia. Nilijua kitambulisho changu kilipo: kwenye pochi, mfuko wa zipu, kinangoja zamu yake.

Ndipo nikaamua nitakuwa na picha moja. Moja tu, nzuri, ya uso wangu, mtu akiishika aseme, aa, kumbe alikuwa hivi. Na sitamwomba mtu anipige, hata wa kulipwa. Kama ni upweke nimeuzoea, lakini kuomba sijazoea.

Utasema, si ujipige na simu? Nimejipiga. Pua inakuja mbele, macho yanarudi nyuma. Na kazi yangu imenifundisha jambo: picha ya simu ikishapita makundi kumi ya familia, ukiikuza ijae jalada inageuka uji. Lakini siku moja moja wafiwa huleta picha ya zamani, ya filamu, imekunjika pembe. Hiyo naikuza, naikuza tena, na mtu anazidi kuja. Unaona uzi wa sweta. Unaona alitaka kucheka akajizuia. Mwezi wa Septemba waliniletea ya nyanya mmoja wa Naro Moru amesimama kando ya ng'ombe wake, na nilipoikuza niliona hata nzi kwenye sikio la ng'ombe. Nikaigeuza. Nyuma kulikuwa na muhuri wa rangi ya zambarau: Studio Ramila, Nanyuki.

Jumamosi nikawa Nanyuki. Nilidhani nitakuta imefungwa zamani, lakini ilikuwepo, duka jembamba kati ya mwuza viatu na mwuza miwani. Ndani kulikuwa na mzee wa Kihindi, mwembamba, sweta ya kijivu, miwani miwili, mmoja machoni na mwingine kwenye paji la uso. Dhiren. Ramila alikuwa mke wake, na picha yake ilikuwa ukutani na shada la maua ya plastiki. Watoto wako ng'ambo. Zamani askari wa Kizungu wa kambi ya pale walikuwa wakimletea filamu kwa mifuko, aliniambia, na siku hizi wanapita wakiangalia simu zao. Kwa hivyo yeye hununua kamera zilizokufa, anazifungua, anazirudishia uhai, na vijana wa Nairobi wanakuja kuzichukua.

Nilipomwambia nataka kununua, akatoa moja kwenye kabati la vioo, akaiweka kwenye kitambaa. Chuma na ngozi nyeusi. Niliiinua, nikashtushwa na uzito wake.

"Ya mwaka sabini na nane," akasema. "Nimefungua yote. Pazia ya ndani ilikuwa inakwama, sasa inatembea. Kioo nimesafisha. Sponji ya kuzuia mwanga nimeweka mpya."

"Sponji?" nikasema. "Mzee, umebadilisha sponji na unaniambia kamera ni mpya?"

"Sijasema mpya, mama. Nimesema nzima."

"Sponji ni ya kuosha vyombo!"

"Bila hiyo sponji mwanga inaingia, na picha yote inaharibika."

"Na nitajuaje umeitengeneza, na hujaipaka mafuta tu ing'ae? Mimi niko na kazi ya karatasi, najua vile watu hupaka vitu rangi!"

Tulibishana hivyo kwa muda mrefu, na sitakuficha, nilikuwa nafurahia. Huyo mzee hakuwa na haraka. Nikisema moja ananirudishia moja, polepole, huku anaweka filamu ndani ili nione inavyowekwa. Alivuta ulimi wa filamu, akauingiza kwenye gurudumu la upande wa kulia, akanionyesha jinsi unavyoshika, akafunga mlango wa nyuma.

"Sasa mbili za kupoteza," akasema. "Mwanzo ya filamu imeona mwanga wakati naweka. Hiyo hatuhesabu."

Mimi bado nilikuwa kwenye sponji. Nilikuwa nimeinua kidole, namwambia kwamba hata mimi nikibadilisha wino siwezi kumwambia mteja mashine nimeinunua jana. Akazungusha, akainua kamera, ikalia *cha*. Akazungusha tena, akaelekeza darini, *cha*.

"Unanimalizia filamu yangu!" nikapiga kelele.

"Hizo ni za kupoteza, mama. Kuhesabu inaanza sasa. Thelathini na sita."

Halafu akaninyooshea vidole vitatu. La kwanza, angalia taa ndogo ya ndani kama mwanga unatosha. La pili, ukizungusha, uone hiki kifundo cha kushoto pia kinazunguka, ndipo ujue filamu inatembea. La tatu, hapa akanishika mkono kabisa, usifungue mlango wa nyuma mpaka umerudisha filamu yote ndani ya mkebe wake. Hata kidogo. Hata mara moja.

"Mimi si mtoto, mzee."

"Wote wanasema hivyo." Kisha akauliza, "Utapiga nini? Wote wanapiga mlima."

"Nitapiga mtu."

"Mtu gani?"

"Mtu."

Aliniangalia kwa ile miwani ya machoni. Akanionyesha kijiti kidogo mbele ya kamera. Ukikishusha na kubonyeza, kinanguruma sekunde kumi, halafu kamera inajipiga yenyewe. Sikuwa nimemwambia kwamba ndicho nilichokuwa nakitafuta.

Mwezi mzima wa Oktoba nilikuwa napiga picha na kamera imekaa juu ya vitu. Juu ya sufuria iliyofunikwa. Juu ya tangi la maji la ploti tunayopanga. Juu ya biblia mbili na kitabu cha nyimbo, Mungu anisamehe. Nabonyeza, inanguruma, nakimbilia kwenye kigoda, nakaa, naweka mikono, natoa mikono, nafikiria nicheke au nisicheke, na *cha*, imeshapita. Jumapili nilivaa gauni la kanisani nikaipeleka kwenye bustani ya mjini, nikaiweka kwenye benchi na kukaa kwenye benchi la pili. Watu walipita kati yangu na kamera wakisema pole. Asubuhi moja mlima ulikuwa umefunguka wote, mweupe juu, nikapanda nyuma ya nyumba nikajipiga nao mara nne. Sekunde kumi ni nyingi sana ukiwa umekaa peke yako unatabasamia chuma. Unaanza na tabasamu, na ikifika saba unajiuliza unamtabasamia nani.

Jirani yangu, Mama Wachuka, aliniona nikikimbia huku na huku uani. "Kagure, uko sawa? Lete nikubonyezee."

"La, niko sawa," nikasema. "Inajibonyeza."

Na Wakonyo, ambaye pua yake haipitwi na kitu, aliiona kwenye mkoba wangu. "Hiyo ni nini?"

"Kamera."

"Ya nini?"

"Ya kazi."

Akasimama, akajipangusa nyuzi kwenye sketi. "Basi tupige na sisi. Nipige na hili joho, nione kama kola imekaa."

"Filamu si ya kuchezea, Wakonyo," nikamwambia. Akarudi kwenye cherehani yake na kuongeza sauti ya redio.

Sasa nikueleze ujinga wangu, na uelewe kwamba unatoka kazini. Miaka sita iliyopita nilichapa programu mia tatu za mzee mmoja wa Othaya, na mahali pa jina la mjane nikaandika jina la mke wake wa pili, yule ambaye familia ilikuwa haimtambui. Mazishi nusura yawe mawili. Tangu siku hiyo nina sheria: hakuna kitu kinachomalizika kabla sijakiangalia. Natoa nakala moja, naisoma, naigeuza, naisoma tena, ndipo zingine zinachapwa. Hiyo sheria iko kwenye vidole vyangu. Hata ugali siusongi bila kuonja maji.

Basi Jumapili moja mchana, ya mwanzo wa Novemba, nimefika namba thelathini na moja, nikapata wasiwasi. Je, kama filamu haitembei? Je, kama nimekuwa nikikimbilia kigoda mwezi mzima bure? Kifundo cha kushoto kilikuwa kinazunguka, ndiyo, nilikiona. Lakini kuona kifundo si kuona picha. Nikamkumbuka mzee wa Nanyuki na vidole vyake vitatu, nikasema, huyo hanijui, mimi ni mtu mwangalifu. Nikafunga mlango. Nikavuta pazia la dirisha, nikajiona mjanja sana. Nikafungua mlango wa nyuma wa kamera, nikatazama.

Ilikuwepo. Imejikunja vizuri kwenye gurudumu lake, ya kijivu, laini, haina picha hata moja ya kuonekana kwa macho. Niliitazama kwa muda wa kutosha kusema "Haiya," halafu nikaona mstari wa jua umepita kando ya pazia na kukaa juu yake. Nikafunga. Nilijua. Unajua kama unavyojua umeacha ufunguo ndani mlango ukiwa bado unajifunga.

Sikumaliza zile tano zilizobaki. Nilirudisha filamu ndani ya mkebe kama nilivyofundishwa, sasa nimekuwa mwanafunzi mzuri, na Jumamosi nikaipeleka Nanyuki. Njiani nilijiandalia uongo wa aina tatu na wote nikausahau mlangoni.

Dhiren aliingia kwenye chumba chake cha giza na mimi nikakaa na Ramila wa ukutani. Alikaa humo karibu saa nzima. Alipotoka alikuwa ameshika ukanda wa filamu unachuruzika maji, akauinua dirishani. Ulikuwa mweusi. Mweusi mwanzo, mweusi katikati, mweusi kila mahali nilipokuwa nimevaa gauni.

"Ulifungua," akasema.

"Nilivuta pazia."

"Pazia," akasema. Hakucheka, na afadhali angecheka. Nilikaa kwenye kile kiti cha wateja na nikaona mwezi mzima wa Oktoba, sufuria, biblia, mlima mara nne, zote zimeungua, na mimi ndani yake. Nikamwambia kweli, sijui kwa nini yeye. Nikamwambia juu ya Gathogo na zile programu thelathini. Nikamwambia kwamba sina picha, na sina wa kunipiga, na kwamba nilitaka moja tu.

Mzee alivuta ule ukanda mpaka ncha ya mwisho, akashusha miwani ya pili. "Hii iko," akasema.

Filamu, alinieleza, hujikunja kwenye gurudumu, na zile za kwanza zinakuwa ndani kabisa, zimefunikwa na nyingine zote. Mwanga uliunguza za juu, ukachoka kabla ya kufika chini. Picha zangu zilikuwa zimeifunika moja. Ile ya kupoteza.

Alinichapia siku hiyo hiyo. Pembeni kuna moshi mweupe pale mwanga ulipoingia. Katikati kuna mwanamke ameinua kidole. Mdomo uko wazi, nyusi ziko juu, kitambaa cha kichwa kimerudi nyuma, shavu moja limejaa kwa kicheko ambacho bado hakijatoka. Anamgombeza mtu na anafurahia. Unaona uzi wa sweta yake. Unaona kila kitu. Sikuwa nimewahi kumwona huyo mwanamke maishani mwangu, maana kioo cha nyumbani humwonyesha mwingine, aliyenyamaza.

"Hii ni nzuri kabisa," Dhiren akasema. "Hapa hukuwa unangoja kamera."

Nilikuwa nafikiria kitu kilichoniuma zaidi ya filamu kuungua: huyo mwanamke wa kwenye picha anahitaji mtu wa mbele yake. Bila mtu hatokei. Na mimi hukaa peke yangu kuanzia saa kumi na mbili jioni mpaka asubuhi, na Jumapili nzima. Mzee akaniwekea filamu nyingine kwenye kamera, akapiga zote mbili za kupoteza zikiangalia dari, na hakurudia ile sheria ya tatu.

Jumanne yake hakukuwa na wafiwa. Nikaiingiza ile picha kwenye kompyuta, nikaikuza, ikakaa vizuri. Na mkono wa kazi ni mkono wa kazi: nikafungua ile karatasi ya programu nikaiweka kwenye jalada. KAGURE. Kuzaliwa: 1974. Kufariki: nikaacha wazi. Ilipendeza, sitadanganya. Ile fremu ya familia nikasema dada yangu atatafuta kitu. Ya kazini nikaacha. Ya marafiki nikaacha. Halafu, kwa ile sheria yangu, nikachapa nakala moja niione kwa karatasi. Nilikuwa nimesahau kabisa mashine iko upande gani wa pazia.

Cherehani ilisimama. Nikakaa nikingoja ianze tena, haikuanza. Redio ikazimwa. Miaka kumi na moja sijawahi kusikia Wakonyo akizima redio kwa hiari yake.

"Kagure." Pazia likavutwa. Alikuwa ameshika ile karatasi kwa mikono miwili na uso wake umelowa. "Umeambiwa lini?"

"Nimeambiwa nini?"

"Hospitali. Wamesema nini? Ni saratani? Na unakaa hapo nyuma unajiandikia peke yako, na mimi niko hapa!"

"Siumwi, Wakonyo."

"Usinidanganye!"

"Siumwi. Nilikuwa naangalia tu vile itakuwa."

Alinitazama mpaka akaamini. Halafu akanipiga na ile karatasi, begani, mara mbili, kwa nguvu. "Mjinga wewe! Mtu mzima! Moyo wangu umesimama!" Akakaa kwenye kiti cha wafiwa, akajifuta na mkanda wa kupimia uliokuwa shingoni. Akatazama jalada tena. "Hii picha nani alikupiga?"

"Fundi mmoja wa Nanyuki. Mimi hata sikujua niko na hiyo sura."

"Hukujua?" Wakonyo akaniangalia kana kwamba sasa ndiyo naumwa. "Hii si ndiyo sura yako ya saa mbili asubuhi? 'Wakonyo, punguza hiyo kitu.' Kidole juu hivi hivi. Mimi huiona kila siku ya Mungu."

Yeye akageuza karatasi, akaisoma nyuma kwa sauti, kidole kikipita chini ya maneno. Marehemu na familia. Marehemu kazini. Alipofika ya tatu kidole kikasimama.

"Hapa mbona ni tupu?"

"Sina picha."

"Sijakuuliza picha." Sauti ilikuwa imerudi ile yake ya kugombana, lakini midomo ilikuwa inacheza. "Nimeuliza mbona ni tupu. Miaka kumi na moja navuta wino yako, nakunywa chai yako mbaya, na hapa umeacha tupu. Mimi ni nani?"

Nilitaka kumwambia filamu si ya kuchezea. Badala yake nikatoa kamera kwenye mkoba. Nikaiweka juu ya cherehani, juu ya vitambaa vilivyokunjwa, nikaangalia taa ndogo ya ndani. Wakonyo akasema hawezi kupigwa na hiyo sketi, akavuta joho la kwaya lililokuwa bado na pini, akalivaa, akapiga kelele pini ilipomchoma. Nikashusha kijiti, nikabonyeza, nikaenda kusimama kando yake. Kikaanza kunguruma.

"Nifanye nini?" akauliza.

"Usiongee."

"Nitanyamaza nikifa. Tena wewe ndiye utaandika. Na uandike vizuri, na kola ionekane, na usiniwekee yule mume wangu wa kwanza kwenye familia, weka..."

Nikamgeukia na kidole juu nimwambie anyamaze, na *cha*.

Hiyo ilikuwa Novemba. Filamu bado iko ndani ya kamera, zimebaki picha thelathini na tano. Sijui kama ile ilitoka. Sijafungua.